Tusipongeze kiti, tuulize kazi: naibu waziri wa mambo ya nje na sisi watu wa Fizi



Usiku wa kuamkia tarehe 29 Mei 2024, majina ya serikali ya Waziri Mkuu Judith Suminwa yaliposomwa kwenye televisheni ya taifa, simu zetu hazikulala. Watu 54 walitajwa, na kumi kati yao walikuwa manaibu waziri. Katika makundi yetu swali lilikuwa moja: "Sisi huku tumepata nani?" Mwenzetu mmoja akaandika, "Hata u-vice tu tungeshukuru." Mwingine akamjibu, "Vice-ministre ni mutu wa kubebea waziri sakoshi." Watu wakacheka, mazungumzo yakaisha. Agosti 2025 serikali ikapangwa upya, na maneno yakarudi yale yale, na kicheko kile kile.

Leo naomba tuache kucheka kidogo. Nataka tuhakiki pamoja kiti kimoja tu kati ya vile, kiti cha naibu waziri wa mambo ya nje. Nimekichagua kwa sababu sisi watu wa kando ya ziwa tumeishi chini ya mambo ya nje kuliko chini ya wizara nyingine yoyote. Mimi nilizaliwa kambini Nyarugusu, nikarudi Baraka kwa meli nikiwa mtoto. Wengi wenu ni hivyo hivyo. Karatasi iliyoturudisha ilitiwa sahihi na watu wa serikali ambao hatujawahi kuwaona.

Hoja yangu naisema mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kushika. Kiti hiki kimeundwa kikiwa dhaifu, hilo ni kweli. Lakini kinaweza kufanya kazi ambayo waziri mwenyewe hana muda nayo, na ndiyo kazi inayotugusa sisi. Haifanyiki kwa sababu hakuna anayeidai. Tunauliza nani amekikalia kiti. Hatuulizi amepewa kazi gani kwa maandishi.

KATIBA INASEMA NINI?

Tuanze na katiba ya 2006, ju wengi tunabishana bila kuifungua.

Kifungu cha 90 kinataja manaibu waziri kuwa sehemu ya serikali, pamoja na Waziri Mkuu na mawaziri. Kwa hiyo naibu si mfanyakazi wa ofisi ya waziri. Ni mtu wa serikali kamili. Kifungu cha 94 ndicho kinachomhusu moja kwa moja, nacho kinasema mambo mawili. La kwanza, naibu anafanya kazi chini ya mamlaka ya waziri wake, kwa madaraka anayopewa na amri ya rais inayopanga kazi za serikali. La pili, waziri akiwa hayupo au akishindwa, naibu anashika nafasi yake.

Sasa someni na kifungu cha 91. Kinasema kwamba ulinzi, usalama na mambo ya nje ni kazi ambayo rais na serikali wanashirikiana. Kifungu cha 213 kinampa rais kazi ya kujadili na kuridhia mikataba na nchi nyingine. Maana yake nini? Waziri wa kilimo au wa michezo akiamka asubuhi anaweza kusema kwamba nyumba ile ni yake. Waziri wa mambo ya nje hawezi. Juu yake kuna rais, na mambo mazito yanaamuliwa kule. Kama waziri mwenyewe anashika kipande tu, naibu wake anashika kipande cha kipande.

Na katika serikali ile ya Mei 2024 ngazi iliongezeka. Waziri alikuwa Thérèse Kayikwamba Wagner. Chini yake akawekwa waziri mjumbe, Bestine Kazadi, ambaye wapenda mpira wanamkumbuka kama rais wa AS Vita Club. Halafu akafuata naibu waziri, Gracia Yamba Kazadi. Angalieni jinsi vyeo vyao vilivyoandikwa. Cheo cha Bestine Kazadi kilikuwa na mkia: anayeshughulikia ushirikiano wa kimataifa na Frankofoni. Cha naibu waziri kiliishia kwenye "mambo ya nje", basi.

Huo mkia ndio ninaouita kazi. Mtu ambaye cheo chake kina neno "anayeshughulikia" unaweza kumuuliza: umeshughulikia nini? Mtu asiye nalo anaweza kukujibu kwamba jambo hilo liko kwa waziri, na atakuwa anasema kweli.

KAZI INAYOONEKANA NA ISIYOONEKANA

Tukubali kwanza kwamba kazi ipo hata bila mkia. Waziri wa mambo ya nje wa nchi yenye vita ni mtu wa ndege. Leo yuko New York kwenye Baraza la Usalama, kesho Washington, keshokutwa Doha au Addis Ababa. Kinshasa mabalozi wanangoja kupokelewa, wageni wanafika, barua zinalala mezani. Mtu wa kushika nafasi anahitajika kweli, na katiba imemtaja. Anayesema kwamba naibu hana kazi kabisa hajui ofisi inavyoendeshwa.

Lakini kushika nafasi ni kazi ya kungojea. Waziri akirudi, kiti kinarudi. Faili uliyoifungua Jumatatu inaondoka mikononi mwako Alhamisi. Ndiyo maana ukitazama picha za manaibu waziri wa aina hii, katika nchi nyingi si kwetu tu, utaona mambo matatu: anampokea balozi, anasoma hotuba ya mtu mwingine, anakaa mstari wa mbele kwenye sikukuu ya taifa la watu. Hakuna ubaya katika hayo, ila ukimaliza miaka miwili ukiwa na picha tu, wananchi wana haki ya kusema ulibeba sakoshi.

MAJIRANI WANAFANYAJE?

Twende Tanzania kwanza, ng'ambo ya ziwa letu. Kwa katiba yao, naibu waziri si mjumbe wa Baraza la Mawaziri. Kwa upande huo utasema wa kwao ni mdogo kuliko wa kwetu. Lakini naibu waziri wa kule lazima awe mbunge, na anasimama bungeni Dodoma kujibu maswali. Mbunge wa Kigoma akiuliza habari za mpaka, naibu wa mambo ya nje anaweza kusimama na kutoa jibu, na jibu linaandikwa katika kumbukumbu za bunge. Mwaka ujao mbunge anamrudia: ulisema hivi, imefikia wapi?

Jambo jingine la Tanzania ni la Zanzibar. Mambo ya nje ni jambo la Muungano, na mara nyingi kiti cha naibu kimekaliwa na Mzanzibari. Seif Ali Iddi alikuwa naibu waziri wa mambo ya nje kabla ya kuwa Makamu wa Pili wa Rais wa Zanzibar mwaka 2010. Baadaye wakaja Mahadhi Juma Maalim, na miaka ya karibuni Mbarouk Nassor Mbarouk. Unaweza kusema ni kugawana vyeo. Lakini pia ni njia ya kuhakikisha kwamba upande mdogo una mtu ndani ya chumba ambamo nchi inazungumza na dunia. Sisi tunaopenda kusema neno "uwakilishi" tungejifunza hapo, ju uwakilishi wao unaendana na maswali ya bungeni.

Uganda wao wamegawanya kazi. Wana mawaziri wadogo wawili katika wizara ile: mmoja wa mambo ya kimataifa, mwingine wa ushirikiano wa kanda. Henry Okello Oryem amekaa kwenye kiti cha kwanza kwa zaidi ya miaka 15. Mwaka 2006, serikali ilipokaa Juba na waasi wa LRA, alikuwemo katika ujumbe ulioongozwa na Ruhakana Rugunda. Mtu anaweza kulalamika kwamba miaka ni mingi mno, nami nakubali. Lakini mawaziri wakubwa wamepita juu yake mmoja baada ya mwingine, na yeye amebaki anajua faili zilianzia wapi. Kwetu ni kinyume: serikali ikifumuliwa, kumbukumbu nayo inaondoka.

Mfano wa tatu najua utawachoma wengine, lakini msomi hachagui shule kwa kuangalia mwalimu anampenda au hampendi. Olivier Nduhungirehe wa Rwanda, mtu ambaye tarehe 27 Juni 2025 alitia sahihi pamoja na waziri wetu Kayikwamba kule Washington, alikuwa waziri mdogo katika wizara hiyo hiyo. Alipewa kiti hicho mwaka 2017, cheo chake kikiwa na mkia: anayeshughulikia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aprili 2020 akafukuzwa, na sababu iliyotangazwa ni kwamba alikuwa anatanguliza maoni yake mwenyewe mbele ya msimamo wa serikali. Akapelekwa ubalozini. Juni 2024 akarudi, safari hii waziri kamili.

Hapo kuna mafundisho mawili. Kwanza, waziri mdogo wa mambo ya nje ana mdomo lakini hana neno lake. Anasema neno la serikali, na akikosea anaondoka kabla ya mkubwa wake. Pili, kiti kidogo kinaweza kuwa shule. Siku ya Washington, upande wa pili wa meza ulikuwa na mtu aliyewahi kukaa miaka zaidi ya miwili akisoma faili za kanda hii peke yake. Nchi inayotumia kiti cha naibu kugawia vyama zawadi inakosa shule hiyo, na gharama yake inaonekana siku ya mazungumzo.

KUMBE SISI TULIKUWA NAO

Mtu asiseme kwamba haya ni ya wageni. Kongo yenyewe imewahi kumpa naibu wa mambo ya nje mkia. Katika serikali ya Antoine Gizenga ya mwaka 2007, Colette Tshomba alikuwa naibu waziri anayeshughulikia Wakongomani walioko nje. Baadaye Antoine Boyamba Okombo akashika kazi ya namna hiyo hiyo. Sisemi kwamba walitatua kila kitu. Nasema kwamba mama aliyekuwa na mwanawe amekwama Ulaya, au mkimbizi aliyekuwa Kigoma, aliweza kutaja cheo cha mtu ambaye jambo lake lilimhusu.

Tofauti na hapo, angalieni Aprili 2021. Samy Adubango Awotho, mtoto wa Ituri, aliteuliwa naibu waziri chini ya Christophe Lutundula. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 8 Aprili 2022, Rais Tshisekedi alitia sahihi kule Nairobi, tukaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ungetegemea naibu anayetoka mpakani apewe jumuiya hiyo kama kazi yake. Lakini kwetu jumuiya iko kwenye wizara nyingine, ya ushirikiano wa kanda, ambayo tangu Agosti 2025 iko mikononi mwa Floribert Anzuluni. Uhamiaji, yaani DGM, uko chini ya mambo ya ndani. Kwa hiyo mtu wa Baraka mwenye shida ya mpaka ana milango mitatu, na kila mlango unamwambia agonge ule mwingine.

KWA NINI FIZI TUNAPASWA KUJALI

Ziwa letu halikuwahi kuwa mbali na mambo ya nje. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akaingia milimani kwetu. Mei 1975 watu wanne wa kituo cha utafiti cha Gombe walitekwa na kuletwa upande huu, na serikali za mbali zikaanza kupigiana simu kwa sababu ya vijiji ambavyo Kinshasa yenyewe haikuvijua. Mwaka 1996 wazee wetu walivuka kwenda kinyume, ndipo Nyarugusu ikafunguliwa. Mwaka 2005, baada ya makubaliano ya Kongo, Tanzania na UNHCR, meli zikaanza kuturudisha Baraka. Na tangu 2015 sisi wenyewe tunawapokea ndugu wa Burundi pale Lusenda.

Katika hayo yote naona kazi tatu ambazo naibu mwenye mkia angezifanya.

Ya kwanza ni watu wetu walioko nje. Nyarugusu bado ina Wakongomani wengi, na wengi wao ni wa Fizi. Mazungumzo juu ya kurudi kwao au kubaki kwao yanaendelea, wapende wasipende. Ni nani upande wa Kongo anayejua kwamba mtoto aliyesoma kule kwa programu ya Kongo anahitaji karatasi ya shule inayokubalika akifika Baraka? Ni nani anayejua kwamba shamba la baba yake limekaliwa na mtu mwingine? Waziri aliye Washington hawezi kujua hayo, wala hatumlaumu. Naibu aliyepewa faili ya wakimbizi na ubalozi mdogo wa Kigoma angeweza.

Ya pili ni pasaporti. Wengine hawajui kwamba pasaporti ya Kongo inatolewa na wizara ya mambo ya nje. Tangu 2015 ilikuwa inauzwa dola 185, na mwaka 2017 waandishi wa Reuters walionyesha kwamba dola 60 katika kila pasaporti zilikuwa zinakwenda kwa kampuni moja ya Falme za Kiarabu. Baadaye bei ikashuka hadi dola 99, na pasaporti mpya ya mwaka 2025 ikatangazwa kwa dola 75. Bei kushuka ni jambo zuri. Lakini bei si shida peke yake.

Mimi nilipopata nafasi ya kwenda kusoma nje, niliuza mbuzi wa familia na nikakopa kwa mjomba, nikafunga safari kutafuta pasaporti. Nililipa, nikapigwa picha, nikatoa vidole. Halafu nikangoja. Kila nilipouliza katika ofisi ile nilijibiwa, "Kinshasa hawajatuma." Nikasema, sawa, nani Kinshasa? Nimwandikie nani? Yule bwana alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama wa mvua. Miezi ikapita, muda wa shule ukafungwa. Pasaporti ilikuja nikiwa nimeshaanza kufundisha sekondari, na mpaka leo haina hata muhuri mmoja.

Sikuandika haya ili mnihurumie. Nataka mwone kitu kimoja: wakati ule wizara ilikuwa na waziri, ilikuwa na naibu, ilikuwa na wakurugenzi, na bado hapakuwa na jina la mtu mmoja ambaye ucheleweshaji wa pasaporti ni aibu yake. Hiyo ndiyo maana ya kiti bila kazi.

Ya tatu ni ziwa lenyewe. Mwaka 2003 nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mkataba kule Dar es Salaam wa kulitunza, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikawekwa Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazae. Samaki hawajui mpaka, lakini mvuvi anakamatwa kwenye mpaka. Kijana wa Mboko au wa Ubwari aliyefuata ndagala usiku, injini ikamzimikia, akajikuta upande wa pili, anamhitaji mtu wa serikali yake wa kuuliza: ninyi majirani, kijana wetu yuko wapi? Leo anayefanya kazi hiyo ni mwenye mtumbwi, kwa pesa zake mwenyewe.

WANAOPINGA

Kuna wenzetu watasema: ndugu, nchi inaungua, wewe unatuletea habari za naibu waziri. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wawili walitia sahihi Washington, na wiki haikuisha M23 wakaingia Uvira. Mikataba mikubwa haikutulinda, huyo vice atatulinda na nini?

Hatatulinda na risasi, hilo nakubali. Lakini makumi ya maelfu ya watu walivuka kuingia Burundi mwezi ule, wengi bila karatasi yoyote. Wapo waliotengana na watoto wao. Wapo wanafunzi waliokatiza mwaka. Vita vinapokuwa vikali ndivyo waziri anavyozama zaidi kwenye meza kubwa, na ndivyo mambo ya watu wa kawaida yanavyokosa mwenyewe. Kwa hiyo vita vinaongeza hoja yangu, havipunguzi.

Wengine watasema: shida itaisha siku "mutoto wa kwetu" atakapopewa kile kiti. Hapa naomba tuwe wakweli. Fizi si kwamba haijawahi kuwa na mtu mkubwa Kinshasa. Anzuluni Bembe aliongoza bunge la Zaire, na jina lake linajulikana mpaka leo kuanzia Makobola hadi Lulenge. Je, barabara ya Uvira kuja Baraka ina lami? Sisemi ni kosa lake yeye. Nasema mtoto wa kwetu aliyekaa kwenye kiti kisicho na kazi iliyoandikwa atatusaidia kwa njia moja tu, nayo ni kumpokea mjomba wake ofisini na kumpa nauli ya kurudi. Heri mtu wa Bandundu mwenye faili ya Nyarugusu mkononi kuliko mtu wa Baraka mwenye gari la serikali tu.

Na wapo watakaosema kwamba manaibu ni gharama, wafutwe. Kenya walifanya hivyo: katiba yao ya 2010 haina tena mawaziri wadogo wa namna ya zamani. Ni wazo la kuheshimiwa. Lakini hata kule, kabla ya hapo, Moses Wetangula aliingia mambo ya nje akiwa waziri mdogo, akaja kuwa waziri kamili mwaka 2008. Kama tunataka kukifuta kiti, tukifute. Kama tunakiacha na kukilipa mshahara, kifanye kazi.

TUFANYE NINI SISI?

Sisi si serikali, lakini tuna kalamu na tuna madepite. Kifungu cha 138 cha katiba kinawapa madepite njia za kuihoji serikali, na mojawapo ni swali la maandishi. Swali la maandishi haligharimu kitu. Halihitaji depite awe msemaji mzuri, wala halihitaji chama chake kiwe na nguvu. Linahitaji karatasi moja na mtu wa kumsumbua mpaka aipeleke.

Kwa hiyo napendekeza kwamba safari ijayo serikali itakapotangazwa, kabla hatujauliza "tumepata nani", chama chetu kiwaandikie madepite wa Fizi waulize mambo haya: naibu waziri wa mambo ya nje amepewa kazi gani kwa maandishi? Nani katika wizara anajibu kuhusu pasaporti zilizochelewa? Nani anafuatilia watu wetu walioko Nyarugusu na Burundi? Na mvuvi akikamatwa ng'ambo, familia iandikie ofisi gani? Wenzetu mnaosoma sheria na uhusiano wa kimataifa, mtusaidie kuyaandika kwa Kifaransa kizuri. Na mnaotafuta mada ya memwari, mada hii hapa haijaandikwa na mtu.

Huenda jibu lisije. Hata hivyo swali litabaki kwenye karatasi za bunge likiwa na tarehe, na naibu atakayefuata atalikuta pale.

Pasaporti yangu bado iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Itaisha muda wake karibuni, nitalazimika kuomba nyingine. Nitakapoenda tena kwenye dirisha lile na kuuliza "Kinshasa ni nani?", ningependa yule bwana anitajie jina.